Suti ya Balozi Selemani

Naanza na pale pabaya zaidi, ili wanaotaka kucheka wacheke wamalize, halafu tuongee kama watu wazima.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi, ndani ya ukumbi mdogo wa hoteli moja pale Singida mjini, nimevaa suti ya bluu ambayo siyo yangu na viatu ambavyo siyo vyangu (vilinibana kidole gumba hadi machozi yakataka kutoka), mbele yangu kuna bendera ndogo ya taifa imesimamishwa juu ya meza, chupa ya maji imefunikwa glasi, na mama mmoja wa kizungu mwenye mvi ameishika mikono yangu yote miwili ananipa pole ya msiba, ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Balozi Selemani mwenyewe, mwenye suti yake, kavaa fulana yangu ya tangazo la mbegu za alizeti, suruali yangu yenye kiraka gotini, na katambuga zangu za tairi, vumbi la bodaboda limemjaa hadi kwenye kope. Dada mkalimani akanigeukia kwa adabu akauliza, "Mheshimiwa, huyu ni nani?"

Na mimi, Zefania mtoto wa Kinyangiri, niliyeishia darasa la nne, nikajibu bila hata kupepesa macho:

"Huyo ni mtani wangu. Msimjali."

Ndiyo. Nilisema hivyo, na nimeona kwenye simu za watu nikisema hivyo, kwa sababu kuna mtu alirekodi (namtaja huko mbele, asidhani nimemsahau). Tangu siku hiyo nikipita sokoni Ilongero vijana wa bodaboda wananipigia honi, "Mheshimiwa, gari liko wapi leo?" Hilo nimelizoea. Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba ukoo wa Balozi ulikaa kikao ukakata utani na ukoo wetu, na mimi mama yangu ni mzee, yupo Kinyangiri kitandani, na kila nikienda kumwona haulizi dawa, haulizi chakula, anauliza, "Zefa, watani wangu watakuja siku yangu?" Ndiyo maana naandika. Wenye makosa nitawataja kwa majina, kwa sababu langu mimi limeshatajwa vya kutosha.

Sasa turudi nyuma.

Mimi ni Mnyiramba, nimeoa Ilongero kwa Wanyaturu, nalima uwele na alizeti huko zaidi ya nusu ya maisha yangu. Jirani yangu mpaka na mpaka alikuwa Bibi Mwajuma, mama yake Balozi Selemani. Bibi huyu alikuwa mtani wangu wa kweli. Nikipita kwake asubuhi naamkia, "Shikamoo bibi," anaitikia, "Marahaba, umeamka nani kakuamsha, Mnyiramba?" Mimi namjibu kwamba nimekuja kuona kama amekufa usiku nichukue ng'ombe wake, na yeye ananijibu kwamba atakufa siku nitakayooga. Ndivyo tulivyoishi. Nikiuguliwa, yeye ndiye wa kwanza kuja na uji, na huku akiuweka chini ananitukana.

Mwanawe Selemani ni balozi. Siyo balozi wa nyumba kumi jamani, balozi kamili, wa kwenye mashirika makubwa ya dunia, yale ambayo nchi zote zinakaa kwenye ukumbi mmoja kila moja na bendera yake mbele. Alianza kijana akiwa karani wa ubalozi, akapanda, akahamishwa nchi hii, akahamishwa nchi ile, kwenye baridi, kwenye joto, akasuluhisha watu wanaopigana ambao sisi huku hata nchi yao hatujawahi kuisikia. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja moja, siku mbili, na simu mbili, halafu huyo. Ni mtu mwema, sitaki niseme uongo. Ila kazi ile ilimwingia hadi kwenye mifupa. Ukimuuliza, "Selemani, tukuletee ugali au wali?" anakunja vidole namna hii, anatazama juu kidogo, anasema, "Ningependa kusikia kwanza maoni ya pande zote." Dada yake akigombana na mke wa mdogo wake kuhusu sufuria, yeye anasema, "Tunalichukua jambo hili kwa uzito wake." Na sufuria linabaki palepale. Watoto wa kijiji wote wanajua kumwigiza, lakini anayemwigiza vizuri kuliko wote ni mimi, na sisemi kwa majivuno, ni ukweli, tena tunafanana urefu, tunafanana upara, na hata tumbo letu limekubaliana.

Bibi Mwajuma akafariki. Balozi alikuwa nje kwenye mkutano, na kwa kuwa wao ni Waislamu hawasubirishi maiti, akafika mazishi yameshapita. Akakaa msibani. Ilipofika arobaini watu wakajaa: kisomo kikasomwa, wapishi wakapika, na baada ya kisomo ndiyo ikawa zamu yetu watani kuondoa huzuni, maana arobaini bila watani ni kama watu wamekutana kula tu wakaondoka.

Kwa wasiojua (najua mpo, nyie wa mijini), kazi ya mtani siku hiyo ni hivi: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anawagombeza watoto wake kwa sauti yake, na wafiwa wanacheka huku wanalia, na baada ya hapo wanapumua. Mtani anasema yale ambayo ndugu hawezi kusema. Na sharti lake kubwa ni kwamba ukishaingia kwenye mchezo hutoki mpaka wafiwa wenyewe wakutoe. Ukicheka wewe kwanza, au ukisema "natania tu", umeshindwa, utaimbwa mpaka wajukuu. Na wafiwa nao wanaruhusiwa kukurudishia. Wameshawahi kunifungia kwenye zizi la mbuzi hadi jioni, na sikufungua mdomo kuomba.

Basi ilikuwa nivae gauni la Bibi Mwajuma na mtandio wake. Nikaingia chumbani kubadilisha, nimevua nguo zangu zote nimezitupa kitandani, gauni likanigomea mabegani, likapasuka kwapani. Na pale nyuma ya mlango nikaona suti ya bluu imening'inia, imepigwa pasi, tai ipo, viatu vipo chini yake vinang'aa.

Hapo ndipo anapoingia mtuhumiwa wa kwanza: Mzee Ntandu, mjomba wake Balozi, msemaji wa familia, ndiye aliyekuwa ananishikia mtandio. Nikamwambia, "Mjomba, gauni limekataa." Akaitazama ile suti, akanitazama mimi, akaanza kucheka kimyakimya mabega yanaruka.

"Vaa hiyo," akasema.

"Hii ya mtu mzima, mjomba. Mwenyewe yuko hai."

"Si ndiye mfiwa? Vaa! Leo umtoe machozi."

Shangazi yake Balozi, Mama Hadija, alichungulia dirishani akasema, "Wewe Mnyiramba, nguo za mtu aliye hai hazivaliwi msibani!" na Mzee Ntandu akamjibu, "Nenda jikoni, mambo ya watani hayakuhusu." Maneno hayo yalisemwa. Mama Hadija yupo, muulizeni.

Nikavaa. Ikanikaa kama nimepimiwa, ukiacha viatu. Nikatoka uani taratibu, vidole nimevikunja, natazama juu kidogo, watu wakapiga kelele hadi kuku wakaruka. Nikamwendea dada yake Balozi aliyekuwa na beseni la wali nikamwambia, "Tunalipokea beseni hili kwa uzito wake." Nikawasuluhisha mbwa wawili waliokuwa wanagombania mfupa, nikawaomba kila upande utoe maoni. Balozi mwenyewe alikuwa kwenye mkeka, amevaa kanzu, naye alicheka, nilimwona, alicheka mpaka akashika mbavu, na watani wanawake wenzangu wakaona hapohapo wammalizie, wakammwagia unga na maji ya mlenda kanzu nzima. Akainuka analalamika huku anacheka, akaingia bafuni kuoga, kanzu ikachukuliwa kufuliwa.

Sasa pale nje ya uzio palikuwa na gari. Gari jeusi, refu, vioo vyeusi, na kijibendera mbele. Mimi nilijua ni gari la Balozi tu. Sikujua kwamba limekuja kumchukua kwa ajili ya wageni, maana jambo la wageni lilikuwa la familia na mimi nilikuwa jikoni kwenye pombe ya utani (togwa, msinifikirie vibaya). Kumbe kuna shirika moja la kimataifa lilikuwa limetuma watu hadi Singida kumwomba Balozi akawe msuluhishi mkuu sehemu fulani yenye vita, kazi ya mwisho kabla hajastaafu, na yeye aliwaambia hatoki msibani hadi arobaini, wakasema basi tutakuja wenyewe. Kazi hiyo Selemani aliitaka kwa moyo wake wote. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule ningelijuaje?

Mtuhumiwa wa pili, yuleyule Mzee Ntandu, akapiga kelele, "Mheshimiwa bila gari ni mheshimiwa gani? Kaa kwenye gari tukuone!"

Watu wakaitikia, "Kaa! Kaa!"

Nikaenda. Nikasimama kwenye mlango wa nyuma, sikuugusa (Balozi hafungui mlango mwenyewe), na kweli dereva akatoka mbio akanifungulia. Dereva anaitwa Fredi, mtuhumiwa wa tatu. Ametokea Dodoma asubuhi hiyo na gari la kukodi, hajawahi kumwona Balozi hata kwa picha, ameambiwa tu kwamba mheshimiwa akikaa, aondoke, kwa sababu wamechelewa. Na aliyemwambia hivyo ni nani? Ni Mzee Ntandu, asubuhi, akasahau.

Nikakaa kwenye kiti. Baridi la ile mashine likanipiga usoni, mlango ukafungwa taratibu, na gari likaondoka.

Hapa ndipo watu wote wananiuliza, "Zefa, kwa nini hukusema?" Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kesi yangu ilipo. Mimi nilijua wananirudishia. Mtani anayekaa kwenye gari la mfiwa halafu gari likaondoka naye, atafikiri nini kingine? Nikasema moyoni, wameniweza, watanipeleka hadi barabara kubwa wanishushe na hii suti nirudi kwa miguu watu wanishangae. Basi mimi sisemi neno. Wakitaka niombe, wataomba wao. Nikakunja vidole nikatazama nje. Wamama waliokuwa wanapepeta uwele pembeni ya njia wakasimama kutupungia, na mimi nikawapungia kidogo tu, kwa kiganja, kama wanavyopunga.

"Mheshimiwa, AC ipo sawa?" Fredi akauliza.

Nikamwambia, "Ningependa kusikia kwanza maoni yako."

Akasema, "Naona ipo sawa, mheshimiwa."

"Basi tumeafikiana."

Nikamwona kwenye kioo hacheki hata kidogo. Nikasema huyu dereva ni mtani hodari, wamemtoa wapi? Simu yangu ilikuwa kwenye suruali, na suruali ilikuwa kitandani kwa marehemu. Tukapita barabara kubwa hakunishusha. Tukaingia mjini hakunishusha. Nikaanza kutoka jasho ndani ya baridi, lakini nikajisemea, Zefania, ulikaa na mbuzi hadi jioni, utashindwa na gari lenye kiti cha sofa?

Tukafika hotelini. Mlinzi akapiga saluti. Dada mmoja mrembo kavaa kitenge cha heshima akanipokea, ndiye mkalimani, akasema, "Shikamoo mheshimiwa, karibu, wageni wanakusubiri," nikaitikia marahaba, nikaingizwa ukumbini, na humo nikakuta wazungu. Yule mama mwenye mvi, ndiye mkubwa wao, na bwana mmoja mwembamba mwenye kompyuta. Kumbe nao hawajawahi kumwona Balozi uso kwa uso, anayemfahamu alikwama safarini. Mimi nilipowaona wazungu, badala ya kushtuka, ndiyo nikazidi kuamini. Nikasema, ama kweli Selemani amesoma! Wenzake wanakurudishia utani kwa zizi la mbuzi, yeye kaita rafiki zake wazungu wote wanitanie mimi Zefania! Hapa nikishindwa, Unyiramba mzima umeshindwa.

Mama mwenye mvi akaanza kuongea Kiingereza. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye "good morning teacher". Nikainua mkono, nikamgeukia mkalimani, nikasema taratibu, "Leo nimetoka msibani kwa mama. Leo naongea lugha ya nyumbani." (Maneno hayo siyo yangu, Balozi aliyasema kwenye simu juzi yake, nikayashika.) Dada akatafsiri, na yule mama akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa.

Wakaeleza mambo yao. Kuna pande mbili zinapigana, zimekataa hata kukaa chumba kimoja, na wengi wamejaribu wameshindwa. Mkalimani akasema, "Wanauliza, mheshimiwa ungeanzia wapi?"

Nikakunja vidole. Nikatazama juu kidogo. "Kwanza tulichukue jambo hili kwa uzito wake."

Wakaitikia kwa kichwa.

"Halafu ningependa kusikia maoni ya pande zote."

Yule mwembamba akaandika haraka haraka.

"Na tusiharakishe. Lakini pia tusichelewe."

Hapo mama wa kizungu akamtazama mwenzake kwa macho yale ya kusema, huyu ndiye. Nawaapia. Nilikaa pale kitambo kizuri nikiongea maneno ya Balozi tu, hakuna hata moja langu, na kila nikisema moja wanafurahi zaidi, na mimi moyoni nasema hawa wazungu wamefundishwa utani vizuri, hawacheki hata kidogo, watani wa kimataifa!

Ndipo mkalimani akakaa sawa akasema, "Mheshimiwa, wanasema wamekuja kwa jambo moja. Wanaomba jibu lako la mwisho. Je, unakubali kwenda?"

Yule mwembamba akaweka vidole tayari kuandika.

Mimi nikaona huo ndio mlango wa kuwashinda. Mtani akibanwa hakimbii, anapiga pale panapouma. Na nilikuwa najua panapouma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa jirani. Nikaacha kukunja vidole. Nikatumia sauti ya Selemani ile ya chini, ya kwenye simu, anayoongea na mama yake.

Nikasema, "Hapana, siendi. Nimeshakwenda sana. Mama yangu alikuwa anawasha redio kila jioni asikie nchi niliyopo, akisikia wamepigana anafunga madirisha ya Ilongero. Nimesuluhisha watu nisiowajua, na mama yangu alikuwa akigombana na jirani Mnyiramba kila asubuhi ili tu apate mtu wa kuongea naye. Amekufa mimi nipo mkutanoni, nazungumzia mkutano ujao. Waambieni wapigane kidogo bila mimi. Mimi nakaa kwenye mkeka wa mama."

Nilikuwa natania. Nataka ieleweke. Hayo ndiyo mtani anayoyasema arobaini, yangesemwa uani pale watu wangelia wakacheka yakaisha. Lakini yule dada hakutafsiri mara moja. Alipotafsiri, yule mwembamba akaacha kuandika, na mama wa kizungu akavua miwani, akainuka, akazunguka meza, akanishika mikono yote miwili, na machozi yalikuwa machozi kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mlango. Hakuna mtani anayelia kwanza.

Na hapohapo nje tukasikia mlinzi: "Mzee, leo hatununui mbegu! Kuna mkutano wa waheshimiwa!"

Na sauti ninayoijua inasema, "Kijana, mimi ndiye mheshimiwa."

"Sawa mheshimiwa, kaa pale kivulini."

Mlango ukafunguliwa. Mengine mnayajua. Nilisema nilichosema kwa sababu ulimi ulikuwa bado upo kwenye mchezo ingawa miguu ilishatoka. Balozi alinitazama. Fredi alikuwa mlangoni ameshainua simu anarekodi, na ndiye aliyeisambaza, na mimi nikavua koti pale pale nikamkabidhi Balozi, na bwana mwembamba akafikiri ndiyo mila yetu, akavua na lake.

Ikabidi Balozi aeleze yote: utani, arobaini, kanzu yenye mlenda, nguo zangu alizozikuta kitandani, na jinsi alivyodandia bodaboda kwa sababu namba ya Fredi alikuwa nayo Mzee Ntandu, na Mzee Ntandu simu yake ilikuwa imeisha chaji naye amelala kivulini ameshiba. Aliwaeleza kwa Kiingereza kizuri kama anasoma taarifa, akiwa amesimama na katambuga zangu. Mkalimani alikuwa anauma mdomo asicheke. Yule mama wa kizungu ndiye ambaye hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja, na dada akaninong'oneza maana yake: "Kwa hiyo jibu alilotupa huyu bwana siyo lako. Lako ni lipi?"

Jamani, alikuwa na nafasi! Neno moja tu, "nakubali", na suti yake angeivaa hapohapo. Balozi Selemani akakunja vidole. Akatazama juu kidogo. Akasema kitu kirefu, na dada akanitafsiria kwa sauti ya chini: anaomba muda wa kutafakari.

Wakampa muda. Wakaondoka. Baadaye tukasikia kazi imepewa mtu wa nchi nyingine.

Kikao cha ukoo kikaitishwa, na mwenyekiti wa kikao, msishangae, ni Mzee Ntandu. Yeye aliyenipa suti, yeye aliyesema kaa kwenye gari, yeye aliyemwagiza dereva akasahau. Alisimama na bakora yake akasema, "Zefania ametuharibia mtoto. Kuanzia leo ukoo wake na wetu hatutaniani. Ni watu tu." Mama Hadija akasema, "Lakini si wewe uliye..." akanyamazishwa. Balozi alikuwepo amekaa kwenye kona, nami nilimtazama aseme neno, hata lile la kuomba maoni ya pande zote. Hakusema.

Ni watu tu! Mnajua maana yake? Nikipita sasa wananisalimia vizuri. "Habari za asubuhi, bwana Zefania." Bwana! Hakuna anayeniambia nikaoge. Walipofiwa mwezi uliofuata nilikwenda nikakaa nyuma na wageni, nikala, nikatoa pole, nikarudi. Balozi mwenyewe hakurudi nje. Yupo hapo kwa mama yake, anachunga ng'ombe wachache, jioni anawasha redio. Mke wangu anasema amenenepa. Lakini akikutana nami njiani anapita upande wa pili.

Nimeapa sitavaa tena suruali ya mtu aliye hai, hata akinipa kwa mkono wake na mashahidi. Hilo langu nimelimaliza. Sasa nataka la wenzangu. Fredi, ifute hiyo video, na kama huwezi kuifuta, basi uiambie dunia kwamba ni wewe uliyefungua mlango. Mzee Ntandu, shikamoo, lakini mbele ya ukoo wako useme ni nani aliyesema "vaa hiyo".

Na wewe Selemani, jirani yangu, unayesema nimekuharibia, sitaki utafakari, sitaki maoni ya pande zote. Maneno niliyosema pale mezani kwa sauti yako, uje unionyeshe ni lipi la uongo. Moja tu. Ukiliona, nitakuomba radhi sokoni Ilongero, watu wote wakiwepo. Na usipoliona, panda bodaboda uje Kinyangiri, ufike kwa mama yangu akiwa bado ana macho ya kukuona, ukae kitandani kwake, na umtukane.